Bunduki Yenye Upindo

Juzi niliingia duka moja la vifaa vya michezo Parramatta, hapa Australia, kumtafutia mpwa wangu gongo la kriketi, na kabla sijafika hata kwenye rafu nikasimama. Kulikuwa na harufu ya mafuta ya kitani, yale wanayopaka mbao zisikauke zikapasuka. Muuzaji alidhani nimeshtushwa na bei. Bei nayo ilishtua, nikamwambia hivyo, akapunguza kidogo, lakini moyo wangu ulikuwa umeshaondoka pale. Ulikuwa umerudi Ingleburn, kwenye duka la mzee mmoja lililokuwa nusu duka nusu gereji, mimi nimesimama na soksi zisizolingana, barakoa imenipanda hadi chini ya macho, na Mama anainusa bunduki kwapani.

Ninyi wa rika langu mnaijua miaka ile. Mlikuwa watoto dunia ilipofungwa komeo. Kuna waliojifunza kuoka mkate, kuna waliomzika babu kupitia kioo cha simu huku nyumbani wakilia bila wa kuwashika mkono. Kila mmoja ana alichopewa na alichonyang'anywa, na mkikaa kuhesabu mtaona hesabu haifungi. Mimi nilinyang'anywa bunduki ya kuazima nikapata ya kwetu. Nimehesabu mara mbili, na bado naona nilitoka na faida.

Yote yalianza kwa sosiji ya bure. Mama alikuwa anahudumia wazee katika nyumba moja ya kulelea wazee karibu na Campbelltown, na mwenzake wa zamu akamwambia kuna klabu ya shabaha nje kidogo ya mji ambayo huwa na siku ya kukaribisha wageni: visahani kumi vya kwanza bure, na sosiji ndani ya mkate bure. Mama hakusikia neno visahani. Alisikia bure mara mbili. Baba alikuwa dereva wa lori la makontena Port Botany, na siku zake za mapumziko alizitoa zote kwa usingizi, kwa hiyo tukaenda wawili.

Kisahani chenyewe ni kitu cha udongo mgumu, cheusi ndani, juu kimepakwa rangi ya machungwa, upana wa kisosi cha kikombe cha chai. Ukiita, mashine iliyofukiwa kwenye kibanda mbele yako inakitupa hewani kwa kasi ya kitu kinachokimbia deni, na wewe una muda wa kuvuta pumzi moja kukivunja. Wenyewe wanaviita njiwa wa udongo, ingawa sijaona njiwa mwenye haraka namna ile. Nilivunja sita kati ya kumi. Mwalimu wa klabu alisema sita. Mama, aliyekuwa nyuma ya kamba na sosiji ya pili mkononi, alihesabu kwa vidole, akahesabu tena, akakubali kuwa ni sita.

Lazima niseme sita ile ilikuwa na maana gani. Shuleni nilikuwa mtoto wa Kiafrika ambaye kila mwalimu wa michezo alimtazama miguu na kutabasamu. Waliniweka kwenye mbio kila mwaka, na kila mwaka niliwaonyesha kwamba wamekosea. Nilikuwa wa mwisho, au wa pili kutoka mwisho kama kuna aliyejikwaa. Sasa hapa, kwenye uwanja wenye nyasi kavu na mikaratusi nyuma yake, nikaona kitu cha rangi ya machungwa kinapasuka kuwa vumbi jeusi, na aliyekipasua ni mimi. Nilirudi nyumbani bega linawaka, nikalala kwa bega lile lile ili lisiache kuwaka.

Klabu ilikuwa na bunduki fupi ya kuazimisha watoto. Nilikuwa nimeshafika umri wa kupewa kibali cha kujifunza, na Mama akawa analipia risasi na visahani tu. Kila Jumamosi tulikwenda, na kila Jumamosi nilivunja zaidi kidogo. Kulikuwa na mashindano ya watoto kila mwisho wa mwaka, kabla ya Krismasi, na mwalimu akamwambia Mama kwamba nikiendelea hivi, yule kijana aitwaye Lachlan, bingwa wa miaka miwili, itabidi aanze kuangalia nyuma.

Kisha tukafungiwa. Mnakumbuka upande wetu wa kusini magharibi ulivyofungiwa kwa ufunguo mzito kuliko wengine, kilomita tano hapa na kibali pale, na helikopta ya polisi ikizunguka juu ya mapaa kama nzi juu ya jaa. Mimi nilikuwa uani na fagio. Niliuweka mti wake begani, shavu juu ya mti, nikafuata chochote kinachoruka: kunguru, mfuko wa plastiki, ndege ya mizigo. Siku moja nikaifuata helikopta, taratibu, nikiitangulia kidogo kama nilivyofundishwa, kwa sababu shabaha inayokwenda hailengwi ilipo, hulengwa itakapokuwa. Mama alitoka jikoni kwa mbio ambazo sijawahi kumwona nazo. Alinikamata kola, akanitia ndani pamoja na fagio lake, akafunga mlango, akafunga mapazia, kisha akakaa chini sakafuni akacheka mpaka machozi. Sikuelewa kwa nini anacheka na bado hajaiachia kola yangu. Nilidhani nimekosea namna ya kushika.

Tulipofunguliwa, klabu nayo ikafungua, lakini kwa sharti jipya: hakuna kuazimana. Si miwani, si vizibo vya masikio, si bunduki. Kila mtu aje na yake, kwa sababu bunduki hukaa shavuni, na shavu liko karibu na pua. Ile fupi ya watoto ikafungiwa kwenye kabati la chuma. Lachlan alikuwa na yake, baba yake alimnunulia ya Kiitaliano yenye maua ya kuchongwa ubavuni. Mimi nilikuwa na fagio.

Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi hata kwa mtoto. Tukipata bunduki kabla ya mashindano, nitasimama pale. Tusipopata, nitarudi kuwa yule anayekimbia vibaya.

Mama alikwenda kusomea leseni. Mtoto hawezi kumiliki bunduki; ni lazima iwe ya mzazi mwenye leseni, ikae kwenye sefu iliyokazwa ukutani, na kila bunduki iombewe kibali polisi. Alifaulu mtihani, na mtahini akamwambia hajawahi kuulizwa maswali mengi namna ile na mtu aliyekuwa anajua majibu. Sefu tuliipata kwa jirani aliyekuwa anahama, tukaikaza kwenye kabati la nguo, mahali palipokuwa pa masanduku ya kusafiria, maana hakuna aliyekuwa anasafiri. Kilichobaki mfukoni baada ya hapo kilikuwa dola mia nane, na Mama alisema mia nane kama mtu anavyotaja jina la marehemu: mara moja, bila kurudia.

Baba akatuletea habari mbaya kutoka bandarini. Meli zimepanga foleni nje, makontena hayafiki, kila kitu kipya kinapanda bei, na kipya kikipanda cha zamani kinapanda nacho mgongoni. Mama akasema, "Ugonjwa umekuja na madalali wake."

Sasa mjue kwamba kabla ya Australia, mama yangu aliuza mitumba Tandika, Dar es Salaam. Miaka mingi. Belo likifunguliwa, wenzake walikuwa wanarukia rangi, yeye alikuwa anarukia kwapa. Nguo haifi kifuani, alinifundisha, inafia kwapani, kwenye magoti na kwenye zipu. Unageuza ndani nje, unavuta mshono, unanusa. Na alikuwa na sheria mbili ambazo hajawahi kuzivunja. Ya kwanza, mtoto hanunuliwi kitu kinachomtosha. Ananunuliwa kikubwa, atakua nacho. Viatu vyangu vyote vya shule vilianza mwaka na gazeti ndani. Ya pili, muuzaji akikuelekeza kwenye kitu cha bei ndogo bila kuombwa, kimbia. Hakuna mwenye duka anayemshusha mteja kwa upendo.

Kwa sheria hizo mbili tukaingia kwa Mzee Les, muuza bunduki wa Ingleburn.

Duka lake lilikuwa kati ya fundi wa breki na mtu anayetengeneza milango ya alumini. Ndani kulikuwa na ile harufu ya mafuta ya kitani, na harufu ya mafuta ya mashine, na kitakasa mikono juu ya zote. Mzee Les alikuwa mrefu, ameinama kidogo, kidevu cha barakoa kimelowa chai. Alitusalimia vizuri, kisha akaanza kunitazama. Hakunitazama usoni. Alinitazama mkono, shingo, bega, mkono tena. Nikisogea, macho yanasogea. Nikanyoosha mkono kugusa kitako cha bunduki moja, macho yakaufuata mkono wangu kutoka kiwikoni hadi kidoleni.

Nilijua maana yake. Ninyi pia mnajua. Ukiingia duka la vipodozi na wenzako wawili, mlinzi anagundua ghafla kwamba ana kazi upande ule ule. Nikaweka mikono mfukoni. Nikamtazama Mama, nikaona naye ameshaona, na mgongo wake umenyooka.

Alichagua kama yuko Tandika. Zile zenye maua ya kuchongwa alizipita bila kuzisalimu. Mpya za Kituruki zilizong'aa alizishika, akazifungua, akazifunga, akazirudisha. Alisema kitu kipya cha bei rahisi ni mtumba ambao haujakubali. Kisha akafika kwa moja ya Kijapani, ya zamani, mitutu miwili mirefu imelaliana, chuma kimepauka pale mikono ya watu ilipopita. Akaivunja katikati pale inapofungukia, akachungulia ndani ya mitutu kuelekea dirishani, akaitikisa kusikia kama bawaba imelegea, kisha akainama akanusa pale chuma kinapokutana na mbao. Hapo ndipo kwapa la bunduki lilipo, alisema. Mzee Les alitoa macho, halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayekubali bila kupenda, kwamba ndipo hasa pa kuangalia.

Bei yake ilikuwa elfu moja na kidogo. Sitawachosha na jinsi ilivyoteremka. Ilichukua muda wa kupika wali, na ndani yake kulikuwa na mume mgonjwa ambaye hatukuwa naye, na mara mbili Mama alianza kuondoka polepole mpaka mzee akamwita. Ilipofika mia nane, Mama akanikabidhi bunduki nijaribu.

Niliiweka begani. Kitako kilinisukuma shingo nyuma, na ili shavu liguse mbao ilinibidi nijinyooshe kama kuku anayechungulia ukuta. Mkono wangu wa mbele ulikuwa umekwisha kabla bunduki haijakwisha.

Mzee Les akasema ni ndefu. Akaenda nyuma, akarudi na nyingine, mbaya. Mitutu yake ilikuwa mizuri, lakini kitako kilikuwa kimekatwa, tena kimekatwa wazi, mwisho wake ukapachikwa kipande cha mpira mweusi kama soli ya kiatu. Akasema ilikuwa ya mama mmoja mfupi aliyeacha kupiga kwa sababu ya macho, imekaa pale miaka, hakuna mwanaume anayeitaka kwa sababu haimfiki popote. Mia nne na hamsini. Kisha akasema maneno yaliyoharibu kila kitu: "Achana na hiyo ya mia nane. Chukua hii, na kinachobaki nunua risasi."

Niliona macho ya Mama yakijifunga. Mtu aliyetufuata kwa macho tangu mlangoni, sasa anatuondoa kwenye kitu kizuri na kutupatia kilichokatwa. Sheria ya pili ilikuwa inapiga kengele kama shule inaungua. Akaniambia kwa Kiswahili, bila kugeuka, "Umeona? Anadhani tumekuja kuokota." Kisha kwa Kiingereza, kwa upole ule ambao nyumbani hutangulia kofi, akamwambia mzee kwamba mtoto atakua, bunduki haitakua, asante, tunachukua ya mia nane.

Mimi nilimwunga mkono. Nilikuwa tayari kurefuka usiku ule ule. Mama akalipa kishika uchumba, karatasi za kibali zikaenda polisi, na kwa kuwa kibali cha kwanza kina muda wake wa kungojea, bunduki ikabaki kwa Mzee Les. Nyumbani nikawa najining'iniza kwenye fremu ya mlango.

Mzee Les alikuwa mwanachama wa klabu, na bunduki kisheria ilikuwa bado yake, kwa hiyo akatuambia angeileta Jumamosi niijaribu mbele yake wakati tunangoja. Mama aliona ni jambo la kawaida. Hata gauni huwa unalivaa kabla ya kumaliza kulipa.

Jumamosi ile siipendi hadi leo. Kisahani cha kwanza kilipita. Cha pili kikapita. Bunduki iliponipiga teke haikupiga bega, ilipiga mkono pale juu, na mbao ikapanda ikanipiga shavu mpaka meno yakagongana. Nikaanza kuiogopa, na ukiiogopa unafumba macho, na ukifumba macho unakuwa unapiga risasi mbinguni kwa matumaini. Kati ya ishirini na tano nilivunja vinne, na kimoja nadhani kilijivunja chenyewe. Upande wa pili, Lachlan alikuwa anavisaga tu.

Nilielewa kilichotokea, au nilidhani nimeelewa. Kipaji kilikuwa kimeharibika. Miezi yote ile ya kukaa ndani kilikuwa kinaharibika kimya kimya, kama maziwa yaliyosahauliwa nyuma ya friji, na mimi nilikuwa nalenga kunguru kwa fagio nikidhani bado kipo. Niliweka bunduki kwenye rafu yake, nikaenda kusimama nyuma ya gari ili nilie bila kuhesabiwa.

Mama alinifuata. Hakunikumbatia. Alinishusha barakoa, akanigeuza uso kwenye mwanga, akaligusa shavu kwa kidole gumba. Lilikuwa limevimba. Akafunua kola, akaona mkono umeanza kubadilika rangi, mahali ambapo si bega. Akairudisha kola mahali pake, akageuka kutazama kule ilikobaki bunduki. Nilidhani ananikasirikia kwa kupoteza risasi.

Mzee Les alikuja polepole, amebeba ile mbaya. Alikuwa ameileta ndani ya buti la gari lake bila kumwambia mtu. Hakusema, "Niliwaambia." Alisema tu kwamba kuna risasi tano zimebaki kwenye boksi, na itakuwa vibaya kurudi nazo.

Niliiinua kwa sababu nilishachoka kukataa. Ikaja begani yenyewe. Sijui niwaelezeeje, ilikuwa kama kuketi kwenye kiti gizani na kukuta kipo pale pale ulipokiacha. Shavu likalala. Mkono wa mbele ukafika ukabaki na ziada. Nikaita, kisahani kikatoka, nikakiona kikubwa kama sahani ya pilau, nikakifanya vumbi. Cha pili. Cha tatu. Cha nne nilikikosa kwa sababu nilikuwa nacheka. Cha tano vumbi.

Mama aliichukua mkononi mwangu ikiwa imefunguliwa. Aliigeuza, akatazama pale ilipokatwa, akapitisha kucha kwenye mstari kati ya mbao na mpira.

"Kipande kilichokatwa kiko wapi?" akamuuliza mzee.

Mzee Les hakuelewa swali. Mama akamweleza, na hapa naitafsiri hotuba ambayo kwa Kiingereza chake ilikuwa na mikono mingi kuliko maneno: kwetu fundi cherehani akifupisha suruali ya mtoto, hakati kitambaa akatupa. Anakikunjia ndani, anakipiga uzi mwepesi. Huo ndio upindo. Mtoto akirefuka, unafumua, unashusha, suruali inarefuka naye. Fundi anayekata na kutupa hana watoto. Sasa huyu aliyekata kitako hiki, alikitupa?

Uso wa Mzee Les ulifunguka wote juu ya barakoa. Akasema yule mama mfupi aliyekuwa nayo alikuwa na akili kama ya Mama. Kipande alikihifadhi, kiko dukani, na kilikatwa mara mbili kuwa vipande viwili vyembamba, na skrubu ndefu za kuvirudishia zipo. Unafungua mpira, unaweka kipande kimoja, unafunga. Mtoto akirefuka tena, cha pili.

"Kwa hiyo hii inakua," Mama akasema.

"Hii inakua," mzee akakubali.

Mama akanigeukia, akasema kwa Kiswahili kwamba miaka yote ile alikuwa ananunua viatu vikubwa kwa sababu viatu havina upindo. Angekuta kiatu chenye upindo, angenunua saizi yangu. Sheria haijavunjika. Nadhani hiyo ndiyo njia pekee ya mama yangu kusema alikosea.

Kisha akamuuliza mzee jambo lililokuwa limemkaa kooni. Kwa nini siku ile alikuwa anamfuata mtoto kwa macho kila anapogusa kitu?

Mzee Les akashangaa. Alikuwa ananipima. Kiwiko hadi kidole, bega hadi shavu. Amefanya hivyo miaka arobaini, hawezi kumwona mtu benki bila kumpima. Tangu tunaingia mlangoni alijua ile ndefu inanizidi vidole viwili.

"Sisi tulidhani unatulinda tusiibe," Mama akasema.

Mzee Les akawa mwekundu mpaka masikioni. Akatazama buti zake. Halafu akasema pole, mara moja tu, kwa sauti ndogo, ingawa hakuwa amefanya kosa lolote, na Mama akaitikia kwa kichwa. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Lakini nilikuwa nimemshika Mama mkono, na niliuhisi mkono ule ukilegea, kama mtu anayetua ndoo.

Ndoo ilipotua, biashara ikaanza. Msidhani aibu ya mzee iliachwa ipotee bure. Mia nne na hamsini ilishuka mpaka mia tatu na themanini, kwa hoja kwamba mzee mwenyewe ametoa ushahidi mbele ya mtoto kuwa hakuna anayeitaka. Ombi la kibali likabadilishwa, kishika uchumba kikahamia kwa bibi harusi mwingine, na kilichobaki kikawa risasi za kutosha kufanya mazoezi kila Jumamosi. Mama alidai na chupa ndogo ya mafuta ya kitani. Akapewa. Kibali kilipotoka, siku chache kabla ya mashindano, tulikwenda kuichukua wote watatu. Hata Baba aliamka.

Siku ya mashindano kulikuwa na joto la kuchemsha lami na upepo kidogo. Uwanja wetu ulikuwa umewekewa vipaza sauti vidogo chini mbele ya kila mpigaji: badala ya mtu kubonyeza kitufe, mashine inasikia sauti yako na kurusha kisahani hapo hapo. Haijui lugha wala mwenye sauti. Asubuhi ile kasuku weupe walipita wakipiga kelele, kisahani kikaruka chenyewe, watu wakacheka. Mwamuzi, mama mmoja mwenye kofia pana, akatukumbusha kanuni: kisahani kikiruka kabla hujaita, una haki ya kukikataa, shusha bunduki utapewa kingine. Ukifyatua, umekikubali, na utakachopata ndicho chako.

Wengine walikatika mmoja mmoja. Jua lilipofika juu tulibaki Lachlan na mimi, tuko sawa. Ikawa kisahani kimoja kimoja, anaanza yeye, namalizia mimi, mpaka mmoja akose na mwenzake apate. Alivunja, nikavunja. Alivunja, nikavunja. Watu wakaacha kula. Ile ya Kiitaliano iling'aa juani; yangu ilionekana kama kitu kilichotoka kwa fundi viatu. Bega halikuniuma hata kidogo.

Raundi ya sita, au ya saba, Lachlan aliita, kisahani kikatoka kikakatia kushoto na upepo, akafyatua, kikaendelea safari yake kikaanguka majanini mzima.

Nikaisikia pumzi ya watu. Ilikuwa zamu yangu. Nikatia risasi, nikafunga, nikainua, shavu likalala mahali pake. Nilikuwa navuta pumzi ya kuita.

Nyuma ya kamba, mama yangu, aliyehesabu kila kisahani tangu asubuhi mara mbili mbili, alikuwa amehesabu kile cha Lachlan kuwa ndio mwisho. Kwake mambo yalikuwa yamekwisha, mtoto wake ameshinda, na mtoto akishinda kuna jambo moja tu la kufanya. Akashusha barakoa akapiga kigelegele. Si cha kujaribu. Kile cha harusi, cha bibi harusi kutoka ndani, kinachovuka uwanja na kurudi.

Mashine ikasikia.

Kisahani kikaruka sijaita. Nilikuwa na haki ya kushusha bunduki, na nilikuwa naijua haki hiyo vizuri kuliko jina langu. Lakini mitutu ilikuwa imeshaanza kwenda yenyewe, shavu halikubanduka, na kisahani kilikuwa pale mbele, cha machungwa, kinakimbilia kushoto na upepo ule ule, nikakitangulia kidogo.

Vumbi jeusi. Likaning'inia hewani, likasambaa taratibu.

Mwamuzi aligeuka nyuma akainua ukingo wa kofia. Akauliza ni nani ameita kile, maana safari hii si kasuku. Mama, barakoa chini ya kidevu, viganja viwili mdomoni, akainua mkono polepole kama mwanafunzi aliyevunja dirisha. Nilimwona Mzee Les ameshika kamba kwa mikono miwili, kainama, mabega yanatikisika.

Mwamuzi akanitazama mimi, akatazama pale vumbi lilipokuwa. "Alifyatua," akasema. "Kwa hiyo ni chake."

Lachlan ndiye alikuwa wa kwanza kupiga makofi, namheshimu kwa hilo. Nikafungua bunduki, nikaiweka kwenye rafu, nikapewa kikombe kidogo cha bati, nikatembea nacho hadi kwenye kamba. Mama alikuwa ameshajikusanya. Macho yamelowa, lakini kichwani hesabu inatembea, nilikuwa naiona.

"Sasa tuelewane," akasema. "Nimeita mimi, umepiga wewe. Kikombe tunagawanaje?"

Nikamwambia ataje bei yake. Akataja nusu. Nikamtazama juu mpaka chini, nikakitia kikombe kwapani, nikageuka nikaanza kuondoka, pole pole, bila kuangalia nyuma.

Aliniita kabla sijafika hatua ya nne.